KUMKUMBUKA MWENZETU WA BARABARANI

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi mbele ya wanachama, jamaa na majirani, mjini Voi)

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja na bado mna vumbi la barabara miguuni, twawasalimu nyote. Twamsalimu hasa Mama, mjane wa marehemu, aliyekubali kuja kuketi nasi ingawa matanga yamekwisha na angeweza kupumzika nyumbani kwake Sagalla. Mama, karibu. Hapa ni kwako.

Hatukuitana ili tulie. Kilio kilikuwa huko kaburini, na mwenye kulia alilia. Tumeitana ili tuseme maisha ya mtu mmoja yalivyokuwa, kwa sababu ndani yake mna neno ambalo yampasa kila mfanyakazi alichukue aende nalo nyumbani. Jina lake mnalijua. Katika gazeti letu hatutalipiga chapa, kwa kuwa jamaa zake wametaka hivyo, nasi twaheshimu matakwa yao. Tutamwita kama alivyoitwa kambini: Mzee Mtaro.

Kwa nini Mtaro? Kila kibarua mpya alipofika kambini, wengine walimwonyesha mahali pa kulala na mahali pa kuteka maji. Yeye alimchukua mpaka kando ya barabara, akamsimamisha juu ya mtaro, akamwuliza maji ya mvua yatapita wapi. Kijana akionyesha sawasawa, alipewa koleo. Asipojua, alifundishwa kwanza. Mzee alikuwa akisema kwamba barabara haiuawi na magari. Huuawa na maji, na gari huja kumalizia tu.

Maneno hayo ni kweli tupu. Barabara nzuri ina mgongo katikati ili maji yateremke pande mbili. Kando yake pana mtaro wa kuyapokea maji hayo na kuyapeleka mbali. Panapo bonde pana kalvati, yaani bomba kubwa chini ya barabara, la kuyapitisha upande wa pili. Mtaro ukijaa mchanga na majani, maji husimama. Yakisimama hupenya chini ya lami, udongo ukalainika. Lori likipita lami hupasuka, ufa ukawa shimo, na shimo likawa ajali. Yote hayo kwa sababu ya koleo chache za mchanga ambazo hakuna aliyeziondoa siku ya jua. Mlishike neno hilo la mchanga, maana tutalirudia.

Marehemu alizaliwa chini ya mlima wa Sagalla kabla Vita Kuu ya Pili haijaisha. Mwaka wenyewe hakuujua, maana umri wake aliandikiwa na karani aliyemtazama meno na mabega. Baba yake alikuwa mkata mkonge. Yeye alisoma miaka minne, akajua kusoma, kuandika na kujumlisha, kisha karo ikakosekana.

Mwisho wa mwaka 1961 ikaja ile mvua kubwa ambayo wazee wa Kenya nzima waikumbuka. Mito ilifurika, madaraja yakachukuliwa, barabara zikakatika. Palitakiwa watu wenye nguvu wa kujaza mawe na kifusi. Marehemu alikuwa kijana mwembamba, akapanga foleni, akaandikwa. Ndivyo alivyoingia kazi ya barabara, akakaa humo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Nyinyi mnaoona greda na rola kila siku huenda mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Leo kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni lami tupu, na mji wetu wa Voi uko njiani, karibu kilomita 160 kutoka Mombasa. Lakini marehemu alipoanza kazi, sehemu kubwa ya njia hii ilikuwa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na wakati wa masika ilikuwa tope. Katika miaka ya 1960 lami ilitandazwa kipande baada ya kipande. Mashine zilikuwapo, lakini mikono ilikuwa mingi zaidi. Watu walivunja mawe, wakabeba kokoto kwa karai, wakachimba mitaro kwa sururu, wakachemsha mapipa ya lami kwa kuni kando ya njia ili kutia viraka. Marehemu alikuwa na kovu la lami katika mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundo. Aliyemsalimia kwa mikono miwili aliliona.

Jua la Tsavo mwalijua. Na ndovu mwawajua pia. Mara nyingi kazi ilichelewa asubuhi kwa sababu ndovu wamesimama barabarani, na hakuna nyapara aliyethubutu kuwaambia wasogee. Mzee alikuwa akicheka na kusema kwamba hao ndio peke yao waliogoma bila kupeleka notisi na wasikatwe mshahara.

Sasa tuseme juu ya nyumba yake, kwa maana mtu hapimwi kwa koleo tu.

Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika ulihesabiwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Alionekana kuwa mtu wa kuja mjini kwa muda, alale chumba kimoja na wenzake watano, kisha arudi kwao akawe mzigo wa shamba la mkewe. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, nayo ikaandika wazi kwamba mshahara wa mseja haufai, na kwamba mfanyakazi yapasa alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake. Maneno hayo yaliandikwa. Lakini kuandika ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine. Marehemu alipooa, miaka ilikuwa imepita na uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, lakini kambini bado hapakuwa na mahali pa mke. Palikuwa na mahema na vitanda vya kamba.

Hakukubali. Alipanga chumba kimoja hapa Voi, ukuta wa udongo na bati juu, akamleta mkewe. Kambi ilipohama kwenda mbali, kila Jumamosi alipanda baiskeli akaja nyumbani, na Jumapili jioni akarudi. Watoto saba walizaliwa. Mmoja alifariki akiwa mchanga, sita wakakua. Sita hao wako hapa leo na wajukuu wao wa kutosha kujaza lori.

Mama ametuambia jinsi siku ya mshahara ilivyokuwa nyumbani mwao. Twajua wengi wetu tulivyo siku hiyo: fedha huanza kupungua kabla hatujafika mlangoni. Yeye aliziweka zote juu ya mkeka, na Mama akazihesabu mbele ya watoto. Kisha zikagawanywa mafungu: kodi ya chumba, unga, karo, ada ya chama, na akiba kidogo. Chai na tumbaku zilitoka katika yaliyobaki, na mara nyingine hakikubaki kitu. Wala ada ya chama haikuwa fungu la masazo. Watoto walikua wakidhani kila nyumba duniani ina fungu hilo.

Binti yake mkubwa alipofaulu mtihani, majirani walimshauri amwoze, wakasema karo ya msichana ni maji yamwagwayo mchangani. Hakubishana nao. Aliuza baiskeli. Kwa muda wa miaka miwili alikuja nyumbani kwa miguu, au kwa kuomba nafasi juu ya lori la kokoto, na majuma mengine hakuja kabisa kwa kuwa kambi ilikuwa mbali mno. Binti huyo leo ni muuguzi, na wengine waliomo humu wamechomwa sindano naye. Watakaosema maji yalimwagika mchangani waseme.

Hatusemi alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi. Katika mikutano alizungumza kuliko muda aliopewa, na mwenyekiti alipogonga meza yeye alidhani ni mtu mwingine anayegongewa. Kwa fedha alikuwa mkavu: ukimkopa shilingi tano aliiandika, na siku ya kulipa ilipofika alikuja mapema. Lakini daftari lile lile la madeni ndilo aliloandikia jina la kila mwenzake aliyeumia kazini, tarehe, mahali, na nani alikuwapo. Mara mbili kamati hii ililitumia kudai fidia kwa wenzetu wasiojua kusoma, na mara zote mbili ilipata.

Katika chama aliingia mapema, wakati ada ilipokuwa ikikusanywa mkononi, kambi hata kambi. Hakuwa mtu wa kutoa hotuba juu ya Nairobi na Ulaya. Aliuliza mambo ya karibu: maji ya kunywa yako wapi, viatu viko wapi, bendera ziko wapi.

Jambo la bendera wengi hamlijui. Wakati mmoja kambi yake ilipewa kazi ya kutia viraka mahali penye kona kali, na magari yakija kwa kasi kutoka Mtito Andei. Hapakuwa na bendera nyekundu, wala mtu wa kusimama mbele kuwazuia wenye magari. Nyapara alisema kazi ni ya haraka. Marehemu aliketi juu ya rundo la kokoto. Wenzake wakaketi. Hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Nyapara aliwatishia kuwakata siku. Wakasema siku yakatika, lakini mguu ukikatika hauungwi. Saa nne bendera zililetwa, na saa nne na dakika chache watu walikuwa kazini. Tangu siku hiyo katika kambi ile bendera zilitangulia koleo. Siku ile walikatwa saa tatu za mshahara, chama kikazidai, zikalipwa.

Jambo jingine ni la usiku wa mgomo. Lilituletea mabishano makali katika kamati, nasi twaona ni haki lisemwe mbele yenu.

Ulipopigwa mgomo wa kudai nyongeza, marehemu alipiga kura ya kuupinga. Sababu yake ilikuwa kwamba mvua zimekaribia na mitaro haijazibuliwa. Kura yake ilishindwa. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuketi pamoja na wagomaji, na aliyemcheka alijibiwa kwamba kura ikishapigwa huwa ya wote, hata ya aliyeshindwa. Siku ya tano mvua ikanyesha. Kalvati moja liliziba, maji yakaanza kupanda juu ya barabara, na ng'ambo yake kulikuwa na vijiji ambavyo njia yao ya kwenda hospitali ni hiyo moja tu. Marehemu alikuja kwa kamati usiku, akaomba ruhusa ya kwenda kuzibua.

Wengine wetu walisema hapana. Walisema huko ni kuvunja mgomo, na mwajiri atafurahi. Yeye akasema haombi kumfanyia mwajiri kazi. Aomba kuwafungulia njia watu ambao ni baba zetu na dada zetu, na kamati ndiyo itoe idhini, ili ijulikane ni nani aliyefungua. Tulibishana mpaka usiku wa manane. Mwisho idhini ikatolewa. Watu sita walikwenda na taa, wakazibua, wakarudi wakaketi tena katika mgomo. Hawakuandika saa, wala hawakutia sahihi mahali. Mgomo ulipokwisha mwajiri alitaka kuwalipa usiku ule. Walikataa wote sita. Mzee alisema kwamba akilipwa, basi ilikuwa kazi, na kama ilikuwa kazi, basi alivunja mgomo. Watu wa vijiji vile hawakusahau. Siku ya maziko yake walikuja kwa miguu, na mliona wenyewe walivyokuwa wengi.

Ndugu zetu, sasa twafika katika jambo lililotufanya tuwaite leo.

Mwenzetu alistaafu alipotimiza miaka 55, muda mfupi baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 zilizoiharibu vibaya barabara yetu hii ya Mombasa. Alikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani yake alitunza kila karatasi aliyopata kupewa katika kazi: hati za mshahara, barua ya kuajiriwa, kadi ya chama, stakabadhi za ada, barua ya likizo. Alipokwenda kudai haki zake za uzeeni alikwenda na mkebe huo. Kwa kila mwaka uliokuwa na karatasi alilipwa, na hesabu ilikuwa sawasawa.

Lakini miaka tisa ya kwanza haikuwamo katika mkebe. Miaka hiyo alikuwa kibarua wa siku. Kila asubuhi jina lake liliandikwa katika daftari la nyapara, kila jioni likatiwa alama, na mwisho wa juma akalipwa mkononi. Katika sehemu ya mwisho ya miaka hiyo alikuwa chini ya kontrakta mmoja, ambaye hatumtaji. Mwaka 1965 Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ilikuwa imeundwa kwa sheria, na vibarua wa kambi ile wakawa wakikatwa fedha wakiambiwa ni akiba yao ya uzeeni. Kazi ilipokwisha, kontrakta alivunja kambi, akapakia mahema, mapipa na madaftari yote katika lori, akaenda zake. Akiba ile haikuonekana mahali. Mwenzetu aliulizwa karatasi. Hakuwa nayo, kwa maana hakupata kupewa.

Baadaye alimchukua mmoja wetu mpaka juu ya kalvati moja katika barabara kuu. Akamwonyesha ukingo wake wa mawe, akamwambia hili tulilitia sisi, watu kumi na wanne, na saruji tuliichanganya kwa mikono. Maji yapita chini, malori yapita juu, nayo karatasi yasema mimi sikuwapo.

Hakulia wala hakutukana. Lakini tangu siku ile mpaka alipofariki, akiwa amepita miaka 80, kila alipomkuta kijana wa kazi alimwuliza swali jingine baada ya lile la maji. Alimwuliza: mkebe wako uko wapi?

Babu zetu walivishwa kipande shingoni. Karatasi ile iliandikwa na mwajiri kwa faida ya mwajiri, ili mtu asiweze kuondoka bila ruhusa. Tulikichukia kipande, na tulikuwa na haki ya kukichukia. Lakini baadhi yetu tuliposhangilia kwisha kwake tulichukia na karatasi zote pamoja nacho. Mzee Mtaro alitufundisha kupambanua. Karatasi iliyo mkononi mwa mwajiri peke yake ni kamba. Karatasi iliyo katika mkebe wako ni ngao.

Mjue basi sheria yasemaje leo, kwa ufupi.

Kwanza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, mkataba wake wahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na haki zinazofuata huo ni zake. Kujenga barabara si kazi ya siku mbili. Wewe uliyeandikwa kibarua mwezi wa kwanza na sasa ni mwezi wa nane, wewe si kibarua, hata kama wenyewe wakuita hivyo. Njoo ofisini.

Pili. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi anapoacha kazi, maadamu amefanya kazi si chini ya majuma manne mfululizo. Hati hiyo huandikwa jina la mwajiri, jina lako, kazi uliyofanya, mahali ulipoifanya, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Usiondoke bila hiyo.

Tatu. Mwajiri amelazimishwa kuyatunza maandishi ya masharti ya kazi yako kwa muda wa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Mitano tu. Maisha ya kazi ya mtu ni miaka thelathini au arobaini. Hesabu iliyobaki ni juu yako na mkebe wako.

Nne. Madai yatokanayo na mkataba wa kazi hayana budi kufikishwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Msiseme tutadai tutakapozeeka. Mlango huo utakuwa umekwisha kufungwa.

Tano. Kwa sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2023 baada ya kesi ndefu, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6. Kukatwa si kupelekwa. Kila mwanachama aulize hesabu yake huko NSSF mara moja kwa mwaka walau, alinganishe na hati zake za mshahara. Mwezi ukikosekana, lete habari mapema ungali na ushahidi.

Hiyo ndiyo mitaro yetu, ndugu zetu. Tuliwaambia mlishike neno la mchanga. Karatasi moja isiyodaiwa leo ni koleo moja la mchanga katika mtaro. Hakuna aonaye ubaya wake siku ya jua. Siku ya mvua, mtu akiwa mzee, au ameumia, au amekufa na mjane wake amesimama mbele ya dirisha la karani, ndipo maji yanapotafuta njia wasiyaone pa kupita.

Huenda mtu akauliza, Je, chama chamwahidi Mama kitu gani kwa miaka ile tisa? Hatutamdanganya Mama mbele ya watu. Kontrakta hayupo, madaftari hayapo, na muda wa sheria umepita zamani. Fedha ile hatuahidi. Tunaloahidi ni hili. Kati ya watu kumi na wanne waliotia kalvati lile, wawili wangali hai, na kamati imekwisha kwenda kwao. Wamesema waliyoyajua, wakataja majina ya wenzao kumi na wanne wote, na maneno yao yameandikwa na kutiwa sahihi na alama za vidole. Maandishi hayo yatakaa katika ofisi ya tawi, na nakala moja tunampa Mama leo. Hayalipi kitu. Lakini toka leo hakuna karatasi itakayosema tena peke yake kwamba mumewe hakuwapo.

Na kamati imeamua kuendelea. Kila mzee wa barabara aliye hai, kutoka Taveta mpaka Mackinnon Road, aliyepata kuwa kibarua bila karatasi, tutamwendea tumwandike: alifanya kazi wapi, chini ya nani, miaka gani, pamoja na akina nani. Wajukuu wanaojua kuandika twawaomba watusaidie. Wazee hawatungoji. Mwaka huu peke yake tumezika watatu.

Sasa tunamgeukia Mama. Mama, mwenzetu aliyatunza maji yetu yasisimame. Lakini tunajua wazi kwamba wakati yeye alipokuwa kambini, wewe ndiwe uliyelima mahindi na mbaazi Sagalla, ukawafukuza ndovu kwa debe, ukawapikia watoto kimanga, ukawapeleka shule. Na siku za mgomo, wakati fedha haikuwako juu ya mkeka, hukumwambia arudi kazini. Nusu ya kila kadi ya chama iliyokuwamo katika mkebe ule ni yako. Wanachama wamechanga walichoweza. Si malipo, ni salamu. Mweka hazina atakukabidhi mbele ya watoto, na kiasi kitatajwa kwa sauti, kwa maana mumeo hangependa fedha isiyohesabiwa mbele ya watu.

Nanyi wanawe, mkebe ule msiutupe. Twajua una kutu, na karatasi zake zimeliwa na mende pembeni. Uwekeni. Siku moja mtoto atauliza babu alifanya kazi gani, nanyi mtakuwa na jibu lililoandikwa.

Wanachama, kabla hamjatoka kuna meza mbili mlangoni. Katika meza ya kulia mtaandikisha majina ya wazee mnaowajua, na mahali waliko. Katika meza ya kushoto yuko katibu na kalamu yake: kila kibarua aliyepita mwezi mmoja kazini ampe jina lake, jina la mwajiri, na siku aliyoanza. Msione haya, wala msiogope. Katibu hataandika neno lenu mahali ambapo hamkutaka lifike.

Vijana, kesho asubuhi mkifika kazini, tazameni bendera kwanza, kisha mtaro, kisha chukueni koleo. Hiyo ndiyo desturi aliyotuachia, nasi hatuna nia ya kuibadili.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.